Magonjwa Sugu Zaidi ya Moja Uzeeni: Yanatokana na Nini?

Mzee mwenye presha na kisukari, au presha, moyo dhaifu na figo zisizofanya kazi vizuri, ana magonjwa sugu mengi kwa pamoja. Kwa madaktari, mawili tu yanatosha kumweka mtu katika kundi hilo. Si lazima ugonjwa mmoja uwe umezaa mwingine, ila mara nyingi chanzo chao ni kimoja.

Umri ndio unaotangulia. Hata hivyo, umri hauelezi kila kitu, maana umaskini huyaharakisha. Utafiti mkubwa wa Scotland uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kuwa wakazi wa maeneo maskini kabisa hupatwa na hali hii miaka 10 hadi 15 mapema kuliko wale wa maeneo tajiri. Hapa Nairobi mtu anaweza kupikia makaa au mafuta ya taa miaka mingi katika chumba kimoja kwenye mtaa wa mabanda wa Mukuru, na moshi ule huumiza mapafu na moyo pia. Ongeza sigara, pombe, chumvi nyingi, kitambi na kazi ya kukaa siku nzima. Wanawake huathirika zaidi ya wanaume, na upweke na sonona navyo vimo.

Kisha magonjwa yenyewe huanza kuchocheana. Sukari ikikaa juu huharibu mishipa midogo ya figo; presha nayo huibana mishipa hiyohiyo. Figo zikishadhoofika, presha hupanda zaidi.

Jambo linalonisumbua kuliko yote ni dawa. Fikiria shosho wa Kariobangi anayetumia losartan pamoja na dawa ya kukojoza maji kwa sababu ya presha. Kliniki ya sukari ana tarehe yake, ya presha nyingine, na kila daktari anaangalia karatasi yake. Magoti yakimsumbua usiku, asubuhi anaenda kemisti kuomba "ya maumivu", anapewa diclofenac au ibuprofen. Hizo hupandisha presha, na zikikutana na zile mbili zinaweza kuziumiza figo ghafla, hasa akiwa anaharisha au hanywi maji ya kutosha. Kliniki hasemi, kwa kuwa kwake yeye hiyo ni dawa ya magoti tu, haihusiani na presha. Wala simlaumu, ni kazi yetu wahudumu na jamaa kumuuliza.

Kwa hiyo kama una mzazi wa namna hii, weka dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, za kemisti na za miti shamba zikiwemo, umpeleke nazo kila kliniki. Usimwachishe dawa yoyote kwa uamuzi wako. Mwulize daktari ni lini figo zilipimwa kwa damu mara ya mwisho, na ni dawa gani ya maumivu inayomfaa mtu mwenye presha yake.