Kwa nini dawa za akili hunenepesha?

Mdogo wangu ameanza olanzapini na sasa hashibi. Ni ulafi?

Si ulafi, na tafadhali msimwite mlafi. Olanzapini huziba vipokezi vya histamini na serotonini kwenye ubongo, yaani sehemu za seli zinazopokea ujumbe wa kemikali hizo, ambavyo humsaidia mtu kuhisi shibe. Ndiyo maana anamaliza sahani ya ugali, na muda si mrefu yuko jikoni anafunua sufuria. Njaa anayoisikia ni ya kweli. Dawa hiyo pia huvuruga kazi ya insulini, hivyo sukari na mafuta kwenye damu huweza kupanda.

Dawa zote ziko hivyo?

Hapana. Olanzapini na klozapini ndizo zinazoongoza. Risperidoni na kwetiapini hufuata. Haloperidoli na aripiprazoli kwa kawaida hunenepesha kidogo. Amitriptilini na mitazapini za sonona, na valproeti na lithiamu za kutuliza hisia, nazo huweza kunenepesha. Lithiamu huleta kiu, na wengi huikata kwa soda. Wape maji.

Majirani wanasema amenawiri. Kuna ubaya gani?

Kwa aliyekonda kwa ugonjwa, kilo chache ni heri. Ila uzito hupanda kwa kasi zaidi miezi ya mwanzo, na ukishapanda kuushusha ni kazi. Kwa hiyo apimwe kabla ya kuanza dawa: uzito, kiuno, presha, sukari na mafuta. Aliyeanza na kilo 60 akifika 63 ameongezeka asilimia 5; msingoje zaidi, ongeeni na daktari. Kama mizani haikutolewa kliniki, iulizieni. Ni haki yake.

Si aache tu dawa?

Asiache mwenyewe. Ugonjwa huweza kurudi kwa nguvu, na hapo ndipo familia nyingi huumia upya. Daktari anaweza kubadilisha dawa, kurekebisha dozi, au kuongeza metfomini, dawa ya kisukari ambayo husaidia kupunguza unene huu hata kwa asiye na kisukari.

Nyumbani tufanye nini?

Pikeni mboga na maharage zaidi, punguzeni maandazi na chai ya sukari nyingi, na mtu atoke naye kutembea jioni. Wote mle chakula kimoja. Akitengewa chake peke yake ataichukia dawa. Akianza kunywa maji kupita kiasi, kukojoa mara kwa mara na kuchoka, mpelekeni akapimwe sukari siku hiyo hiyo.