Kabla ya Kukabidhiwa Usukani: Uskauti wa Majini kwa Vijana wa Tanga

Mtoto aliyezaliwa Sahare, Chumbageni au Mwambani hukua akiiona bahari kila siku, na kwa sababu hiyo wazazi wengi huamini kwamba anaijua. Sisi tunaofundisha usalama majini tunaona vingine. Waambie vijana wa pwani "anayejua kuogelea anyooshe mkono", na mikono itajaa hewani. Wapeleke pale maji yanapowafika shingoni, uwaombe waelee dakika chache tu bila kugusa chini, na hapo ndipo utakapoujua ukweli. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya 2024, lilikadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021. Kwa watoto wa miaka 5 hadi 14, kuzama ni sababu ya tatu ya vifo duniani.

Nayasema haya mapema kwa sababu walimu walezi wa skauti wanatuuliza mara kwa mara jinsi ya kuanzisha kundi la skauti wa majini, na swali lao la kwanza huwa la boti. Boti itatoka wapi, itagharimu kiasi gani, nani atatufadhili? Ni swali halali, lakini limekuja kabla ya zamu yake.

Uskauti wa majini una umri unaokaribia ule wa uskauti wenyewe. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, alifanya kambi yake ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, Agosti 1907, akiwa na wavulana wapatao 20 aliowagawa katika vikosi vinne. Miaka miwili baadaye, mwaka 1909, kambi nyingine ilifanyika kwenye mto Beaulieu, na vijana wakapokezana kati ya maisha ya nchi kavu na yale ya meli ya mafunzo Mercury. Kaka yake Baden-Powell, Warington, mtu aliyeijua bahari, ndiye aliyeandika mwongozo wa mafunzo yao mwaka 1912.

Mwaka huohuo ndio uliokuja na msiba. Tarehe 4 Agosti 1912, skauti wa Walworth, London, walikuwa wakiteremka Mto Thames kwa mashua ya matanga kwenda kambini katika kisiwa cha Sheppey. Watu wazima walikuwamo chomboni. Karibu na Leysdown, upepo wa ghafla ukaipindua mashua, na watoto 9 wakafa maji. Kila mlezi anayetaka kuanzisha kundi la majini anapaswa kukijua kisa hiki. Watoto wale walikuwa na viongozi na walikuwa na ari, na safari ilikuwa imepangwa. Bahari haikuyaangalia hayo.

Leo skauti wa Uingereza wana kipimo kilicho wazi: kijana athibitishe mbele ya mtu anayefaa kwamba anaweza kuogelea mita 50 na kuelea dakika 5, akiwa amevaa nguo. Nguo ni jambo kubwa hapa, kwa sababu hakuna anayeanguka kutoka chomboni akiwa na nguo za kuogelea. Kipimo hiki kinafaa kabisa kwa Tanga, tena hakihitaji bwawa. Pima mita 25 sambamba na ufuko, mahali ambapo mtu mzima anasimama na maji yakamfika kifuani, weka boya kila mwisho, kijana aende na kurudi. Asiyefaulu asifukuzwe, abaki na kundi, ajifunze mafundo na kutengeneza tanga pwani, huku akiendelea kujifunza kuogelea. Wenzake nao wasimcheke.

Mafunzo yenyewe yaanze kwa kuelea chali na kupumua. Kupiga mbizi, ambako watoto wetu hukupenda mno, kuje mwisho. Waogelee wawiliwawili, kila mmoja akiwajibika kumjua mwenzake alipo, na kila baada ya dakika kama 10 filimbi ipigwe, wawili wawili washikane mikono na kuiinua juu, mlezi ahesabu. Skauti wa Marekani hufanya hivyo, na ni njia nyepesi kuliko zote ninazozifahamu za kugundua mapema kwamba mtoto mmoja haonekani.

Kuhusu wasichana nitasema bila kuzunguka. Katika mji wetu wasichana wengi huachwa nje ya mafunzo ya maji kwa sababu ya mavazi na kwa sababu mwalimu ni mwanamume. Haya yote mawili yana dawa. Nguo ya kuogelea inayositiri mwili, iliyobana na isiyoloa ikawa nzito, hata fundi cherehani wa mtaani anaweza kuishona kwa kitambaa cha jezi. Mwalimu mwanamke anaweza kuandaliwa: akina mama na dada wanaokwenda pwani kwa shughuli zao wapo, na wakifundishwa kuogelea vizuri na huduma ya kwanza watakuwa walimu bora kuliko sisi. Muda wa peke yao unaweza kupangwa. Msichana anayevuka Mto Pangani kwa kivuko, au anayekwenda Pemba kuwaona ndugu, chombo kikizama hataulizwa kama ni wa kike.

Sasa tuje kwenye maji yetu wenyewe, maana hapa ndipo kundi la Tanga litakapopishana na vitabu vya ugenini. Ghuba yetu imekingwa vizuri. Kisiwa cha Toten kiko ndani yake, mito ya Sigi na Mkulumuzi inamwaga humo, mikoko imeshika upande wa juu. Ukitoka nje ya Ras Kazone mambo hubadilika, hasa kusi, upepo wa msimu unaotoka kusini, likiwa limekaza. Lakini hata ndani ya ghuba, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 siku za bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kiasi, na maji hayo yote yana mlango wa kutokea.

Kijana ajifunze hesabu hii mpaka aisome usingizini. Kutoka maji kujaa hadi kupwa ni saa 6 na dakika chache. Gawa urefu wa maji katika mafungu 12: saa ya kwanza hushuka fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Maana yake, katika saa mbili za katikati maji hushuka nusu nzima ya urefu wake. Kama ni mita 3, basi mita 1 na nusu inaondoka kwa saa mbili, na mkondo wake unamchukua mtoto asiyeweza kushindana nao.

Siku za bamvua pwani yetu maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na kupwa karibu saa 4 asubuhi. Kwa hiyo mkondo wa kutoka huwa mkali kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi. Na ni asubuhi hiyohiyo umande, upepo wa kutoka bara, unapovuma kuelekea baharini. Mvuvi huvitumia vyote viwili: hutoka navyo alfajiri, akarudi na upepo wa bahari maji yakijaa. Ni maarifa makubwa, lakini kwa wanafunzi waliokuja Jumamosi asubuhi "kwa sababu bahari imetulia", ni mtego. Bahari imetulia kweli, na kila kitu kinasukuma kwenda nje.

Mpangilio wetu huwa ni huu. Masomo ya kuogelea tunayaweka siku za maji mafu, ambapo maji hupanda na kushuka kidogo tu, yaani karibu na mwezi 8 na mwezi 22 kwa hesabu ya mwezi mwandamo, au siku moja mbili baadaye. Siku hizo maji huwa yamejaa ufukoni kwenye saa 4 asubuhi na hayana mbio. Masomo ya tanga yaanze maji yanapoanza kujaa na upepo ukitoka baharini, ili chombo kikishindwa kurudi chenyewe kirudishwe ufukoni. Upepo wa bahari ukianza kuchapuka mchana, tumemaliza. Kabla ya yote, mlezi asome utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), ambayo hutaja upepo kwa kilometa kwa saa na mawimbi kwa mita. Ikitolewa tahadhari ya upepo wa kilometa 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, kundi libaki pwani likifunga mafundo.

Na awepo mtu mmoja, ajulikane kwa jina, mwenye mamlaka ya kusema "leo hatutoki". Neno lake lisijadiliwe na mwalimu mkuu, wala na mgeni rasmi aliyekuja kushuhudia. Nimeona sherehe zikisukuma vyombo majini siku ambayo kila nahodha pale ufukoni alikuwa amevuta chake mchangani. Jambo hili linanisumbua kuliko upungufu wa vifaa.

Chombo cha kufundishia tunacho. Ngalawa, kwa ubao wake wa pembeni kila upande, haipinduki kwa urahisi, na ikijaa maji haizami kwa kuwa ni mti. Mafundi wake wapo, kamba na matanga vyake tunavijua. Kikosi kidogo cha skauti kinaingia humo kana kwamba kilibuniwa kwa ajili yake: mmoja anashika usukani, mmoja yuko kwenye demani, kamba ya tanga, akilikaza na kulilegeza, mmoja yuko omo akitazama mbele na upondo mkononi, mmoja ana ndoo ya kutolea maji chomboni. Nahodha mzoefu anakaa karibu na kijana wa usukani, mikono yake akiiweka magotini. Kila baada ya muda wanabadilishana. Kijana aliyeshika demani mara moja, akahisi upepo ukimvuta mabega, hutamuhubiria tena maana ya kusikilizana.

Siku ya kwanza ya ngalawa hatuendi popote. Tunaijaza maji kwa makusudi, kwenye kina cha kifua, vijana wote wakiwa na laifu jaketi. Kila mmoja ana namba yake. Chombo kikilala, wanashika ubavu wake na kuita kwa zamu: moja, mbili, tatu, nne. Namba isiyoitikia ndiyo inayotafutwa kabla ya kitu kingine chochote. Hakuna anayeachia chombo kuogelea kwenda nchi kavu, hata kama ufuko unaonekana uko karibu, kwa sababu chombo kinaonekana kwa mbali na kichwa cha mtu hakionekani. Laifu jaketi nalo lijaribiwe hapo: linalopanda mpaka masikioni mtoto akiingia majini ni kubwa mno au halijafungwa.

Pwani pawe na dumu tupu la lita 5 lililofungwa kamba ndefu. Tia maji kidogo ndani ili lisipeperushwe na upepo, kaza kifuniko, limrushie anayezama, kisha mvute. Kijana asiruke kumfuata mtu anayetapatapa. Wengi wamekwenda wawili kwa namna hiyo. Aliyetolewa akiwa hapumui asishikwe miguu akaning'inizwa kichwa chini, wala asikandamizwe tumbo. Mlaze chali, inua kidevu, mbane pua, mpulizie pumzi 5, kisha mgandamize katikati ya kifua mara 30 na kumpulizia 2, uendelee hivyo huku mwenzako akiita msaada. Kila mlezi afundishwe haya kwa vitendo na mtu wa afya kabla kundi halijagusa maji.

Ngalawa au mashua yoyote ya mafunzo ipelekwe ikaguliwe na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), linalosimamia usalama wa vyombo vya majini. Ridhaa ya mzazi iwe ya maandishi, na itaje kama mtoto ana kifafa au pumu.

Kwa shule inayotaka kuanza mwaka huu, likizo ya Juni itumike kwa kuelea na kuogelea sehemu iliyokingwa, maana kusi linavuma nje na hakuna sababu ya kulifuata. Kipimo cha mita 50 kifanyike Septemba au Oktoba. Wakati wa maleleji, pepo zinapobadilishana, ngalawa iteremshwe majini kwa mazoezi ya kujazwa maji na kuhesabiana namba, na kaskazi, upepo wa msimu unaotoka kaskazini, likishakaa sawa, waliofaulu wapewe tanga.