Jaji na Chuo Alikosomea

Mwaka 2012 David Maraga, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Kenya, alipata shahada ya uzamili ya sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, chuo kilekile kilichompa shahada ya kwanza mwaka 1977. Alikuwa na miaka 61 na tayari ni jaji tangu 2003. Anayetoa hukumu alikubali kusahihishwa. Nawatajia wanafunzi kisa hiki kwa sababu wengi hudhani jaji hukikumbuka chuo chake kwa hundi tu.

Njia ya kufika huko ni ndefu: shahada, mafunzo ya uwakili kule Karen, Nairobi, kisha miaka ya kazi. Katiba ya 2010 inadai uzoefu wa angalau miaka 10 kwa jaji wa Mahakama Kuu, na 15 kwa Mahakama ya Juu. Wapo waliopitia darasani kwanza: Willy Mutunga alifundisha sheria Nairobi, akawekwa kizuizini 1982, na mwaka 2011 akawa Jaji Mkuu.

Sasa swali ninaloulizwa sana: akishaapishwa, anaruhusiwa kukisaidia chuo chake? Anaruhusiwa, ila kwa mipaka. Ibara ya 77 ya Katiba inamkataza kuwa na ajira nyingine ya kipato, na Sheria ya Uongozi na Uadilifu ya 2012 inambana kwenye michango ya umma, kwa hiyo msimwalike kuongoza harambee ya bweni. Anachobaki nacho ni muda na ujuzi, na kwa maoni yangu ndicho chenye thamani zaidi. Mpe kiti cha jaji katika mashindano ya mahakama ya mfano, kesi za kuigiza za wanafunzi, uone. Mwanafunzi aliyekariri hoja zake anaanza, "Mheshimiwa Jaji..." na kabla hajamaliza sentensi ya pili anaulizwa, "Kifungu gani?" Hapo ndipo anapojua kwamba jaji hasikilizi hotuba.

Tatizo hujitokeza chuo kinaposhtakiwa, na vyuo hushtakiwa mara nyingi: mhadhiri aliyefutwa, mwanafunzi aliyenyimwa cheti. Je, jaji aliyesoma hapo ajiondoe kwenye kesi? Kusoma pekee hakutoshi. Mawakili wengi wa nchi hii walipitia kitivo cha sheria cha Nairobi. Tukisema kusoma kunatosha, Mahakama ya Milimani jijini Nairobi itabaki bila wa kusikiliza kesi. Lakini akiwa mjumbe wa baraza la chuo, au mwanawe ndiye mlalamikaji, hilo ni jambo jingine: atangaze mbele ya pande zote, na ajiondoe. Kunyamaza ndiko kunakoharibu hukumu, hata ikiwa ya haki.

Jaji hustaafu akiwa na miaka 70, kama Maraga Januari 2021. Baada ya hapo anaweza kufundisha kwa mshahara.

Kwa vyama vya wanafunzi vinavyotaka kumwalika aliye bado kazini: barua ipitie kwa mkuu wa kitivo, itaje mada, isitaje kesi iliyo mahakamani, na isigusie bahasha.