Filamu za gereza la kijeshi: yanayosemwa kibandani na ukweli wake

Filamu ya gereza la kijeshi ikiwekwa kibandani, yaani kwenye ukumbi mdogo wa video, VJ, yule anayeitafsiri filamu kwa sauti, hukimbizana na maneno ya waigizaji, na anayemfafanulia jirani yake kwa Kiswahili huishia na neno moja kwa kila ukuta wenye waya: jela. Makosa mengi huanzia hapo, maana mahali patatu tofauti pamepewa jina moja. Kuna chumba cha mahabusu langoni mwa kambi, anapowekwa askari mwenye kosa dogo au anayesubiri kesi. Kuna gereza la kijeshi, la askari waliohukumiwa na jeshi lao wenyewe. Kisha kuna kambi ya mateka wa vita, walioshikwa na adui. Usipozitenganisha, hutaelewa nani ana haki ya kumwamuru nani.

"Mkataba wa Geneva unakataza kumbebesha jenerali mawe"

Katika The Last Castle (2001), Luteni Jenerali Irwin, anayeigizwa na Robert Redford, anabebeshwa mawe mazito kutoka upande mmoja wa uwanja hadi wa pili, kisha anaambiwa ayarudishe. Watazamaji hutaja Geneva papo hapo. Kweli, ibara ya 49 ya Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949, unaowahusu mateka wa vita, inasema ofisa aliyetekwa halazimishwi kufanya kazi, na walio chini yake, kama sajenti, hupewa kazi za usimamizi tu. Lakini Irwin hakutekwa na mtu. Amehukumiwa na jeshi la Marekani, na amefungwa na jeshi la Marekani. Kinachomlinda ni sheria ya kijeshi ya nchi yake, ambayo ibara yake ya 55 inakataza viboko, kutiwa alama mwilini na adhabu nyingine za kikatili. Kwetu Uganda swali hilo lingejibiwa na Katiba ya 1995: ibara ya 44 inasema ulinzi dhidi ya mateso hauondolewi kwa hali yoyote.

"Afande ni afande hata akiwa ndani"

Kwa mateka wa vita, ndiyo. Kambini mwa mateka cheo hubaki, hata saluti imewekewa kanuni: ibara ya 39 ya Mkataba huo wa Geneva inamtaka ofisa mateka awapigie saluti maofisa wa adui waliomzidi cheo tu, isipokuwa mkuu wa kambi, ambaye hupigiwa saluti hata akiwa na cheo cha chini.

Kwa mfungwa aliyehukumiwa, mamlaka ya cheo yameishia mlangoni. Ndiyo sababu Kanali Winter, mkuu wa gereza katika filamu hiyo, anapiga marufuku saluti kati ya wafungwa. Irwin hana askari wa kuwaamuru. Anachofanya ni kuwaonesha wafungwa, waliokuwa wakirundika mawe ovyo, namna ya kuujenga ukuta uwe ukuta kweli, naye anashika mawe pamoja nao. Winter ana bunduki, mnara na sahihi yenye nguvu, lakini hilo haliwezi. Atakaye kujifunza uongozi kutokana na filamu hii autazame ukuta kabla ya mapigano.

"Mwenye cheo kikubwa ndiye anayeongoza gereza"

The Hill, filamu ya Sidney Lumet ya 1965 kuhusu gereza la jeshi la Uingereza katika jangwa la Libya wakati wa Vita Kuu ya Pili, inalikanusha hilo waziwazi. Mkuu wa gereza haonekani kazini. Sajenti meja ndiye anayeendesha kila kitu, na chini yake mlinzi mmoja mkatili anawapandisha wafungwa kilima cha mchanga juani hadi mmoja anakufa. Ofisa anapoacha kukagua mwenyewe, madaraka huteremka hadi kwa yule asiye na huruma.

"Wafungwa wakionewa, uasi ni haki yao"

Hapa ndipo kibanda hushangilia zaidi, na ndipo sheria ilipo kali zaidi. Uasi wa kijeshi hauhitaji risasi. Askari wakikubaliana kukataa mamlaka halali, tayari ni uasi, hata kama madai yao ni ya haki. Januari 1964, askari wa Jinja walidai mishahara bora na maofisa Waafrika, madai ambayo raia wengi wangeyaelewa. Lakini walimshikilia waziri, Felix Onama, na serikali ikaita wanajeshi wa Uingereza.

The Hill inaonesha hasara yake bila kuficha. Mfungwa Roberts, anayeigizwa na Sean Connery, ameshapata ushahidi wa kumfikisha yule mlinzi mbele ya sheria. Wenzake wawili wanaingia na kumpiga mlinzi huyo, huku Roberts akiwasihi waache. Kesi waliyokuwa wameishinda inawaponyoka pale pale.

"Mwenye heshima hakosi, amesingiziwa tu"

Irwin alikaidi amri ya rais wake na askari wanane wakafa, tena katika operesheni ambayo filamu ya The Last Castle inaiweka Burundi, katika ukanda wetu huu. Mahakamani alikiri kosa. Watu husema amri zote hutiiwa, wengine husema shujaa hukataa amri. Sheria inauliza kama amri ni halali. Ibara ya 33 ya Mkataba wa Roma, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai na ambao nchi wanachama waliupitia upya hapa Kampala mwaka 2010, inahesabu amri ya kuua kimbari kuwa haramu waziwazi, na aliyeitii hawezi kujificha nyuma yake. Amri aliyoikaidi Irwin haikuwa ya namna hiyo, na hakujitetea hivyo.

"Mwishoni bendera inapandishwa kichwa chini"

Sheria ya bendera ya Marekani inaruhusu kuigeuza kama ishara ya hatari kubwa kwa maisha au mali tu. Winter anaamini hilo ndilo linalokuja, na anaamuru watu wafyatue risasi. Irwin anakufa akivuta kamba. Bendera inapokunjuka juu, imesimama sawasawa.