Yale mabano ndani ya Biblia hayakuwekwa bure

Ninafundisha Agano Jipya, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni uhakiki wa matini, yaani kulinganisha nakala za kale zilizoandikwa kwa mkono ili kujua mwandishi wa kwanza aliandika nini hasa. Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote, na wanafunzi, na vijana waliotoka kusikiliza mihadhara ya dini, hata na wazee wa kanisa kwa sauti ya chini, ni hili: Mwalimu, tunajuaje kwamba Biblia haikubadilishwa? Wengine huja na Biblia yenyewe mkononi. Wamefungua Marko 16 au Yohana 8, wameweka kidole kwenye mabano, au kwenye tanbihi inayosema kwamba baadhi ya nakala za kale hazina maneno haya. "Si wanakiri wenyewe?"

Ni swali la haki, na anayeuliza asikemewe kwamba hana imani. Mimi nimeishi na nakala hizo kwa muda mrefu, na mabano hayo ni miongoni mwa sababu zinazonifanya niyaamini maandishi tuliyonayo.

Tuanze na jinsi maandishi haya yalivyoenea. Paulo aliandika barua kwa Wathesalonike, Wakorintho, Warumi. Kila moja ilisomwa kanisani ilikopelekwa, ikanakiliwa, ikapelekwa kwa jirani. Katika Wakolosai 4:16 anawaagiza kabisa wabadilishane barua na kanisa la Laodikia. Kazi hiyo ilifanyika bila ofisi kuu ya kuisimamia. Kwa karibu miaka 300 Wakristo hawakuwa na serikali, hawakuwa na jeshi, na mwaka 303 Kaisari Dioklesiano aliamuru maandiko yao yachomwe moto. Wakati huo nakala zilikwisha kutapakaa Misri, Shamu, Asia Ndogo, Italia, Galia na Afrika Kaskazini, na tafsiri za Kilatini, Kisiria na Kikopti zilikwisha anza kutumika. Mtu aliyetaka kubadilisha Injili ya Yohana angelazimika kuzikusanya nakala hizo zote, pamoja na tafsiri zake, azirekebishe kwa namna moja, kisha azirudishe bila mtu kugundua. Hakuna aliyekuwa na uwezo huo.

Ndiyo maana madai kwamba Biblia ilitungwa au kugeuzwa kwenye Mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, hayanisumbui. Mtaguso ule ulijadili mafundisho ya Ario, padri aliyekana kwamba Mwana ni sawa na Baba, tarehe ya Pasaka na mambo ya nidhamu ya kanisa. Kanuni zake 20 na tamko lake la imani tunazo, na hazina neno juu ya kuchagua au kubadilisha vitabu. Zaidi ya hapo, tunazo nakala zilizotangulia Nikea. Kitabu cha mafunjo, karatasi ya kale iliyotengenezwa kwa matete, chenye barua za Paulo, kinachojulikana kama P46, wataalamu wengi wanakiweka karibu na mwaka 200. Kurasa zake zimegawanyika kati ya maktaba ya Chester Beatty mjini Dublin na Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Ukizisoma unamkuta Paulo yuleyule tunayemsoma Jumapili.

Kipande mashuhuri zaidi ni kidogo kuliko kiganja cha mkono, takriban sentimita 9 kwa 6. Kinaitwa P52, kinatunzwa Manchester, Uingereza. Kilinunuliwa Misri mwaka 1920 pamoja na mafunjo mengine, kikakaa bila kutambuliwa mpaka mtaalamu Colin Roberts alipokisoma na kukichapisha mwaka 1935. Upande mmoja una mistari saba ya Yohana 18, pale Wayahudi wanapomwambia Pilato kwamba hawana ruhusa ya kumwua mtu. Ukikigeuza, upande wa pili unakuta mazungumzo yaleyale yakiendelea, mistari michache mbele. Hilo peke yake linatuambia kwamba kilitoka kwenye kitabu chenye kurasa, si kwenye gombo, kwa sababu gombo kwa kawaida liliandikwa upande mmoja. Wengi wamekiweka katika nusu ya kwanza ya karne ya 2. Siku hizi wapo wataalamu wanaosema, kwa hoja nzuri, kwamba mwandiko peke yake hauwezi kutupa tarehe nyembamba hivyo, na kwamba kinaweza kuwa cha mwishoni mwa karne hiyo au hata mwanzoni mwa ya 3. Nawasihi wahubiri waliseme hilo wazi. Hata tukikubali tarehe ya mbali, bado ni kipande cha Yohana kilichosafiri mpaka Misri zaidi ya miaka 100 kabla ya Nikea.

Hapo kuna tabia moja inayoniumiza. Tunapenda kusimama mimbarani na kutangaza kwamba Agano Jipya lina nakala zaidi ya 5,000 za Kiyunani, kana kwamba wingi ndio ushindi. Idadi ni kweli. Taasisi iliyoko Münster, Ujerumani, inayosimamia orodha rasmi imeorodhesha zaidi ya hizo. Lakini nyingi kati yake ni za karne ya 9 kuja mbele, na zile za kabla ya karne ya 4 ni chache, tena nyingi ni vipande. Mwanafunzi anayeambiwa nusu ya habari hii atakuja kuambiwa nusu ya pili na mtu asiyempenda, na siku hiyo atadhani tulimdanganya.

Ni hivyohivyo kuhusu tofauti kati ya nakala. Makadirio yanafika 400,000 hadi 500,000. Idadi inatisha mpaka uelewe inavyopatikana: kadiri unavyokuwa na nakala nyingi, ndivyo unavyoona tofauti nyingi. Kitabu chenye nakala moja tu hakina tofauti hata moja, na hakuna wa kukusahihishia pale mnakili alipokosea. Sehemu kubwa ya tofauti zetu ni herufi zilizokosewa, "Kristo Yesu" palipo "Yesu Kristo", mstari ulioandikwa mara mbili, au maneno ya Mathayo yaliyojipenyeza ndani ya Luka kwa sababu mnakili alimjua Mathayo kwa moyo. Zinazogusa maana, na wakati huohuo zina uzito wa kutosha kubishaniwa, ni chache. Hizo ndizo zinazoingia kwenye tanbihi za Biblia yako.

Mfano ninaoupenda kuliko yote uko kwenye Waraka wa Kwanza wa Yohana, sura ya 5, mstari wa 7 na wa 8. Katika Biblia ya Union ya 1952, ile ambayo wengi wetu tumekua nayo, yale maneno ya watatu washuhudiao mbinguni, Baba, na Neno, na Roho Mtakatifu, yamefungwa ndani ya mabano. Historia yake ni hii. Mwaka 1516 Erasmus, mwanazuoni wa Kiholanzi, alichapisha Agano Jipya la Kiyunani mjini Basel, na hakuyaweka maneno hayo, kwa kuwa hakuyakuta kwenye nakala za Kiyunani alizokuwa nazo. Akashambuliwa vikali, maana Biblia ya Kilatini iliyotumika makanisani ilikuwa nayo. Baadaye ikatokea nakala moja ya Kiyunani yenye maneno hayo, iliyoandikwa katika karne yake mwenyewe, ambayo leo iko Trinity College, Dublin. Katika toleo la tatu la mwaka 1522 akayaingiza, na kupitia matoleo yaliyofuata yakaingia kwenye Biblia nyingi za Ulaya, ile ya Kiingereza ya 1611 ikiwemo.

Tunajuaje kwamba Yohana hakuyaandika? Nakala zote za kale za Kiyunani hazina. Tafsiri za kale za Kisiria na Kikopti hazina. Na katika karne ya 4, mababa wa kanisa walipokuwa wakibishana na wafuasi wa Ario kuhusu Utatu, walitafuta kila andiko la kuwasaidia, lakini wale walioandika kwa Kiyunani hawakulitaja hili hata mara moja. Yalianzia upande wa Kilatini, inaelekea kama maelezo ya pembeni ambayo mnakili fulani aliyadhania kuwa ni sehemu ya maandiko.

Sasa angalia ni nani walioyatilia mabano na kuyatoa. Ni wataalamu Wakristo, wengi wao wakiuamini Utatu kwa moyo wote. Ungekuwepo mkono wa kughushi unaotunza maandishi yanayolipendelea kanisa, mstari huu ungekuwa wa mwisho kuguswa, kwa sababu hakuna mwingine unaosema Utatu waziwazi namna ile. Ulitolewa kwa sababu ushahidi ulidai hivyo. Fundisho lenyewe halikuanguka, maana halikujengwa juu ya mstari ule. Mababa walilitetea kwa Mathayo 28:19, kwa Yohana 1, kwa baraka ya mwisho wa Wakorintho wa Pili. Marko 16:9-20 na habari ya mwanamke aliyefumaniwa katika Yohana 8 zimepimwa kwa mizani ileile. Kodeksi (yaani kitabu cha kale cha mkono) ya Sinai na ile ya Vatikani, zote za karne ya 4, zinamaliza Marko kwenye 16:8 na hazina habari ya yule mwanamke. Kuna nakala ambazo habari hiyo zimeiweka kwenye Injili ya Luka. Binafsi naamini ni kumbukumbu ya kweli kuhusu Yesu ambayo Yohana hakuiandika. Nikiihubiri, naliambia kanisa hivyo.

Kwa Agano la Kale ushahidi mkubwa ulitoka kwenye mapango ya Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi, kuanzia mwaka 1947. Kabla ya hapo, nakala kamili ya Biblia ya Kiebrania tuliyoitegemea zaidi ilikuwa ya mwaka 1008. Gombo kuu la Isaya, lenye urefu wa zaidi ya mita 7, liliandikwa karne ya 2 kabla ya Kristo, likaturudisha nyuma zaidi ya miaka 1,000 kwa hatua moja. Kitabu ni kilekile, sura kwa sura, ingawa tahajia na maneno madogomadogo yanatofautiana mahali pengi.

Sehemu moja ya gombo hilo huwaonyesha wanafunzi wangu kwenye picha. Ni Isaya 40:7-8, penye majani kukauka na ua kunyauka. Maneno hayo yamo katika mistari yote miwili. Mnakili ameandika yale ya kwanza, kisha amekwenda moja kwa moja kwenye neno la Mungu wetu litakalosimama milele, bila yale ya katikati. Mkono mwingine, wenye mwandiko tofauti, umekuja baadaye ukayajaza yaliyokosekana juu ya mstari na kuteremka nayo pembeni mwa safu. Mahali pa jina la Mungu umeweka nukta nne, kwa heshima. Tafsiri ya kale ya Kiyunani nayo haina maneno hayo, kwa hiyo wapo wanaodhani maandishi mafupi ndiyo ya zamani zaidi. Mimi naona jicho la mnakili liliruka. Lakini tazama: kosa linaonekana, sahihisho linaonekana, na mtu wa leo anaweza kuketi akapima mwenyewe.

Si vitabu vyote vilivyotulia kama Isaya. Yeremia alikuwa na matoleo mawili. Moja ni fupi zaidi, karibu kwa sehemu moja ya nane, na vipande vya Kiebrania vya matoleo yote mawili vimeonekana Qumran. Anayefundisha kwamba kila herufi ilishuka bila mtikisiko atapata shida hapo. Mimi ninachofundisha ni kwamba ujumbe wa Yeremia tunao, na kwamba tunajua wazi ni wapi matoleo yanapishana.

Msomaji makini atasema: sawa, maandishi yamehifadhiwa, lakini hata uongo unaweza kuhifadhiwa vizuri. Ni kweli, na hapo kazi inahama kutoka kwenye nakala kwenda kwenye historia. Nitachukua sehemu moja tu. Matendo 18:12 inasema Paulo alishtakiwa Korintho wakati Galio alipokuwa liwali wa Akaya. Mwaka 1905 vilichapishwa vipande vya jiwe kutoka Delphi, Ugiriki, vyenye barua ya Kaisari Klaudio inayomtaja Galio huyo, na kwa hesabu za utawala wa Klaudio tunajua alikuwa kazini karibu mwaka 51. Akaya ilikuwa imerudishiwa hadhi ya kuwa na liwali wa aina hiyo mwaka 44 tu. Luka amepata mtu, cheo na wakati. Kuna mahali anatupa taabu: sensa ya Kirenio katika Luka 2 haikai vizuri na Yosefo, mwanahistoria Myahudi, anayeiweka mwaka wa 6 baada ya Kristo, wakati Herode, ambaye Yesu alizaliwa enzi zake, alikwisha kufa. Majibu yapo, na hakuna linaloniridhisha kikamilifu. Siwezi kumtupa shahidi aliye sahihi mahali pengi kwa sababu ya mahali pamoja panapobishaniwa.

Jiwe lile la Galio linanisaidia pia kwenye andiko ninaloliona zito kuliko yote. Katika 1 Wakorintho 15, barua ya mwaka 54 au 55 hivi, Paulo anawakumbusha Wakorintho jambo alilowakabidhi alipokuwa kwao, yaani karibu na siku za Galio: Kristo alikufa, akazikwa, akafufuka siku ya tatu, akamtokea Kefa, yaani Petro, kisha wale Thenashara, kisha ndugu zaidi ya 500 kwa pamoja, kisha Yakobo. Anasema naye alikuwa amelipokea. Hiyo ni miaka isiyozidi 21 tangu msalaba, na mapokeo yenyewe ni ya zamani kuliko hapo. Katika Wagalatia 1 anaeleza kwamba alikwenda Yerusalemu, akakaa na Kefa siku 15, akamwona pia Yakobo ndugu yake Bwana. Wawili hao ndio waliotajwa kwa majina kwenye orodha ile. Kuhusu wale 500 anasema wengi wao wangali hai. Na sura inayofuata, 16:3, anawaambia Wakorintho wachague watu wao wenyewe wa kupeleka mchango wao Yerusalemu, mahali ambapo wangeweza kuwauliza mashahidi hao wenyewe.