Maziwa si dawa ya sumu: maswali kuhusu taka za kemikali majumbani

Ni muuguzi hapa Tanga, upande wa dharura. Haya ndiyo ninayoulizwa na wazazi, mara nyingi mtoto akiwa tayari mikononi.

Mimi sina kiwanda. Taka hatarishi nazitoa wapi?
Unazo uvunguni. Kuna zinazowaka: mafuta ya taa, petroli, thina ya rangi. Kuna zinazobabua: maji ya betri ya gari, na kostiki ya kupikia sabuni. Nyingine huchachamaa zikikutana na kitu. Chokaa mbichi ikipata maji hutoa joto la kuunguza, kwa hiyo ikikumwagikia ipanguse kwanza ikiwa kavu, ndipo uoshe kwa maji mengi. Zilizobaki ni sumu: dawa za kupulizia mboga, risasi ya ndani ya betri, zebaki ya taa za mirija.

Dumu la dawa ya shamba nimelisugua kwa sabuni, halinuki tena. Nitekee maji?
Hapana. Plastiki huinywa dawa, kisha huiachia polepole ndani ya maji yako. Lisuuze mara tatu, maji hayo yatie kwenye bomba la kupulizia, halafu litoboe lisimfae mtu. Usilichome, moshi wake nao ni sumu.

Mtoto amekunywa mafuta ya taa. Nimpe maziwa?
Hapana. Maziwa hayaui sumu. Yanajaza tumbo, mtoto anatapika, na mafuta yakipanda yanaingia mapafuni. Hapo ndipo yanapoua.

Basi nimtapishe kwa kidole, au yai bichi?
Hapana, nakuomba sana. Kostiki na maji ya betri yameunguza koo yakishuka. Ukimtapisha yanaliunguza mara ya pili yakipanda. Koo hilo likipona huweza kusinyaa, mtoto akashindwa hata kumeza uji.

Mtoto wa jirani alipewa maziwa na akapona.
Alipona kwa sababu alikunywa kidogo, si kwa maziwa. Mimi nawaona wale wengine. Kutoka mtaa wa Makorora hadi hospitali yetu ya Bombo kwa bajaji si mbali, lakini mtoto analetwa baada ya saa tatu: kwanza maziwa, kisha yai, kisha mafuta ya kula, kisha kumngoja baba yake arudi. Anaonekana mzima, anacheza, kumbe kifua kinaanza kubana baadaye. Usingoje dalili. Maziwa hapana, yai hapana, kungoja hapana.

Sasa nifanye nini?
Mwondolee chochote kilichobaki mdomoni. Kama ni dawa ya wadudu, mvue nguo zilizolowa na umwoshe ngozi kwa sabuni, maana hupenya ngozi. Ikiingia machoni, mwagia maji safi kwa dakika 15 au zaidi. Akilegea, mlaze ubavu. Kisha ondokeni. Mate yakimchuruzika, jasho likimtoka, mboni zikawa ndogo kama tundu la sindano, kila dakika ina thamani: dawa ya kumtibu ipo hospitali, haipo jikoni.

Mbona aliyanywa mafuta ya taa, hakusikia harufu?
Alikuwa na kiu, na wewe uliyatia kwenye chupa ya soda. Mtoto wa miaka miwili anaijua chupa ya soda, hajui mafuta ya taa. Mkija, njooni na chupa hiyo, mmeifunga vizuri, ili tujue alichokunywa bila kubahatisha.