Daftari la michoro na dhana zinazoharibu majalada ya wanafunzi

Dhana potofu: Daftari la michoro lapaswa kuwa safi, na ukurasa ulioharibika ung'olewe.

Ukweli: Ukurasa huo mara nyingi ndio unaozaa jalada la kazi, yaani mkusanyo wa kazi ambao mwanafunzi huwasilisha ili utathminiwe. Mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu alikaa barazani Mji wa Kale, Mombasa, asubuhi kadhaa akichora mlango wa nakshi unaotazama mashariki. Kurasa mbili aliziharibu kwa sababu alianza na maua kabla ya kupima mlango wenyewe, mfaa (ubao wa wima wa katikati ya mlango) ukapinda na maua ya juu yakakosa nafasi. Katika ukurasa wa tatu aliuacha mlango mzima, akachora kipande cha mfaa chenye upana wa vidole vinne, na pembeni akaandika kwamba asubuhi jua huupiga mlango usoni nakshi ikaonekana bapa, ilhali ikikaribia saa tano mwanga huteremka kutoka juu na kila ua likatupa kivuli chini yake. Maandishi hayo yalimpa kazi nne, kipande kimoja kwa saa nne tofauti. Angezing'oa kurasa zile (na rula alikwisha kuishika), angebaki na picha ya mlango kama zile wanazouziwa watalii.

Hata katika mtihani wa sanaa wa AP (Advanced Placement, masomo ya kiwango cha chuo kwa wanafunzi wa sekondari) nchini Marekani, sehemu yenye asilimia 60 ya alama hudai picha 15 zinazoonyesha uchunguzi endelevu, pamoja na majaribio na masahihisho.

Dhana potofu: Mwenye kipaji hahitaji daftari.

Ukweli: Hata Picasso, mchoraji mashuhuri wa Uhispania, aliacha madaftari yapatayo 175.

Dhana potofu: Kunakili picha ya simu ni sawa na kuchora papo hapo.

Ukweli: Picha husaidia kumbukumbu, lakini kamera imekwisha kumchagulia mchoraji pembe na mipaka. Anayechora abiria wa feri ya Likoni, ambao hawamngojei mtu, hulazimika kuamua upesi ni mstari upi wa bega au wa mzigo unaotosha.

Dhana potofu: Daftari laweza kujazwa wiki moja kabla ya kuwasilisha.

Ukweli: Mwalimu hutambua, kwa kuwa penseli ni ile ile na mkono haujabadilika tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Dakika 15 kila siku zafaa zaidi, na tarehe iandikwe siku ile ile, hata kama kilichochorwa ni sahani ya viazi karai.